Kesho ya Jiwe

Vanishi ilipoanza kukolea, Chapa alijua ameharibu, na alijua kabla ya mtu mwingine yeyote. Alisimama na rola mkononi katikati ya ua wa jumba lile jipya, suruali imemganda magotini, akitazama mawe yakigeuka rangi moja baada ya jingine. Hayakuwa mawe ya kweli. Lilikuwa zege tu, zege la kumwagwa kama la sakafu ya stoo yoyote, ila yeye alilichapa lingali bichi kwa mihuri yake ya mpira hadi likapata sura ya mawe ya kuchongwa, nyufa, makunyanzi na yote. Kisha akayatia rangi kwa mkono, jiwe jiwe: hili kahawia, lile kijivu, lile wekundu wa kutu kwa mbali. Asubuhi, yalipokuwa makavu, yalipendeza. Sasa vanishi ilikuwa imeyalowesha. Kahawia ilikuwa nyeusi kama masizi, kijivu kimekuwa samawati, na ule wekundu wa kutu umekuwa wekundu wa kidonda kibichi.

"Fundi," sauti ikasema nyuma yake. "Hii ni nini?"

Alikuwa msimamizi wa ujenzi, mtu mfupi ambaye vibarua walimwita Bwana Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka kiunoni hata akienda chooni.

"Inakauka, mkubwa. Ikikauka itatulia."

"Itatulia." Futi alizunguka ua mzima, taratibu, mikono nyuma. "Bi Mkubwa aliomba ua wa mawe ya kale. Wewe umemtandikia shuka la gesti."

Vibarua wawili waliokuwa wakichanganya mchanga waliangua kicheko. Chapa aliiweka rola chini.

"Leo Jumatano," Futi akasema. "Ijumaa saa sita mchana Bi Mkubwa anakuja kukagua. Akiikuta hii ngozi ya kinyonga hapa, saa saba naleta nyundo. Tunavunja, tunamwaga upya, fundi mwingine anachapa. Kwa gharama yako."

"Mkubwa, gharama hiyo mimi nitaitoa wapi?"

"Hapo umeuliza swali la maana." Futi akawaashiria wale vibarua kwa kidevu. "Ile mipira yake, ingizeni stoo. Mfunge."

Mihuri ilikuwa saba, kila mmoja mpana kama mlango wa kabati na mzito kama mtoto aliyelala. Chapa aliinunua mmoja mmoja kwa miaka sita, kama mtu anayejenga nyumba tofali kwa tofali. Ukiwa nayo, unaitwa fundi, unakaribishwa kivulini, unaulizwa bei yako. Bila hiyo unakaa kandokando ya barabara na koleo miguuni, ukisubiri gari lisimame na mtu aseme, "Nataka watatu wenye nguvu." Aliwaona vibarua wakiiburuta vumbini. Kufuli lilipobanwa, aliokota rola yake akaondoka.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu. Mama yake alikaa kizingitini akishona kifungo cha sare ya mjukuu, miwani imefungwa kwa uzi. Mkewe alikuwa ndani akikunja nguo. Nyumba ilikuwa vyumba viwili, na nyuma ya mlango wa chumba cha mbele palikuwa na mahali pa mihuri. Watoto wenyewe walikatazwa kupaegemea.

Mkewe alimtazama mikono, kisha akatazama nyuma ya mlango.

"Mihuri iko wapi?"

"Hata salamu hakuna?"

"Salamu baadaye. Iko wapi?"

"Nimeiacha kazini."

"Hujawahi kuiacha kazini. Mwaka ule una homa, uliileta kwa mkokoteni huku unatapika."

"Leo nimeiacha. Kuna ubaya?"

Mama yake alikata uzi kwa meno. "Mwanangu," alisema bila kuinua kichwa, "ukitaka kudanganya, tafuta watu ambao hawakukunyonyesha."

Chapa akaketi kwenye kigoda, akaanza kufungua viatu ambavyo havikuwa na haja ya kufunguliwa haraka hivyo. Mkewe alisogea, akachutama, akashika upindo wa suruali yake. Palikuwa na madoa pale, kijivu na kahawia, na vanishi imeyapitia juu. Aliyageuza kwenye mwanga wa dirisha kama mama anayetazama ulimi wa mtoto mgonjwa.

"Hiki kijivu ulitia vikombe vingapi?"

"Viwili kwa ndoo ndogo."

"Viwili." Akauachia upindo. "Na leo umeshapaka vanishi."

Chapa alivuta kamba ya kiatu.

"Uliloanisha kwanza? Jiwe. Uliloanisha ukaona?"

Nje gari lilipita likipiga honi. Chapa aliendelea kushughulika na kamba za viatu.

Kwa miaka minne mkewe ndiye aliyetia rangi. Yeye alichapa, mkewe akapiga magoti nyuma yake na vikopo vyake, sponji na mswaki mkuukuu. Na kila jiwe lilipokauka, mkewe alilamba kidole gumba, akakibandika juu ya jiwe, akatazama. Zege kavu hudanganya. Vanishi ikishapita juu yake linakuwa kama limelowa milele, na rangi ya jiwe lililolowa si ile ya jiwe kavu, kama shati lilivyo jingine siku ya mvua. Ukimwaga maji ya ndoo yanatambaa, yanahamisha rangi. Mate ya kidole yanakaa palepale, yanaacha alama ndogo kama sarafu, unaona, kisha yanakauka. "Nataka kuiona kesho yake," mkewe alikuwa akisema. Chapa alimsikia akisema hivyo mara elfu, na mara elfu alidhani ni tabia tu, kama watu wengine wanavyojikuna kichwa wakifikiri.

Halafu, miezi miwili nyuma, kwenye kazi nyingine, wapiga lipu waliokuwa juu ya jukwaa waliwaona. Mmoja wao, jitu lenye sauti, aliyeitwa Mdomo na aliyestahili jina lake, alipaza: "Tazameni! Chapa anachapa, mkewe anampaka poda!" Na mkewe alipolamba kidole: "Aa, kumbe hata analambiwa!" Walicheka siku nzima. Walicheka mpaka siku ya malipo. Njiani kurudi nyumbani Chapa alimwambia mkewe akae nyumbani, kwamba ametiwa aibu ya kutosha na hayo mate yake. Mkewe alikaa nyumbani. Hakubisha, na Chapa alidhani ameshinda.

"Basi," mkewe akasema sasa, akiinuka, "mate yangu yalikutia aibu. Na mihuri yetu imefungiwa stoo kwa usafi wako."

"Nani kasema imefungiwa?"

"Uso wako."

"Sikurudi nyumbani kutukanwa."

"Ulirudi kufanya nini? Sema, nikusikie."

Neno lilikuwa moja tu, nisaidie, na halikumtoka. Alimtazama mkewe, akatazama sakafu, akamtazama mama yake kana kwamba mama angeweza kumsemea, kama zamani alipovunja kioo cha jirani.

"Mficha uchi hazai," mama yake akasema. "Na wewe umezaa watatu, kwa hiyo kuvua unajua. Vua."

Mkewe alibana midomo asicheke. Ilimuuma Chapa zaidi ya matusi.

"Mama watoto," alisema mwishowe. "Ua umenishinda."

Akasimulia yote, Futi, nyundo, Ijumaa saa sita. Mkewe alisikiliza akiwa amesimama, nguo za watoto kifuani. Chapa alipomaliza, mkewe hakumpa pole.

"Vanishi yote itoke," alisema. "Thina madebe mawili. Matambara, mengi. Brashi ngumu. Halafu tuoshe, tukaushe, tuanze upya. Una kiasi gani?"

"Labda cha nusu debe."

Mama yake aliinuka kizingitini kwa kushika mlango, akaingia chumba cha ndani, wakamsikia akivuta sanduku chini ya kitanda. Alirudi na kitambaa kilichofungwa fundo, akakiweka mapajani mwa mwanawe.

"Mama, hiyo ni ya..."

"Ya maziko yangu, najua, niliiweka mimi. Sina haraka nayo." Akaketi tena, akatunga uzi. "Ila nikiondoka kabla hujarudisha, mtanizika ndani ya debe la thina. Na niloanishwe kwanza, nisije nikatoka rangi mbaya."

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi walikuwa kwenye foleni ya getini, kila mmoja na debe lake, matambara kwenye gunia. Mlinzi aliandika kila aingiaye kwenye kitabu kikubwa: mtu, kazi, saa. Alikuwa mzee mpole aliyeandika kila herufi kama anaipanda shambani.

Chapa akasikia sauti nyuma yake kabla hajageuka.

"Eti wamemfungia mipira! Wanasema ua unawaka usiku bila taa!"

Alikuwa Mdomo, ndoo ya lipu begani, na wenzake watatu. Walikuwa wamepata kazi ya ukuta wa nje wa jumba hilohilo.

"Wewe fundi zege, nakujua," mlinzi akasema. "Na huyu mama? Kazi gani?"

Mkewe alimwachia mumewe ajibu, na Chapa alijua kwamba amemwachia kwa makusudi. Kalamu ya mlinzi ilining'inia juu ya karatasi. Nyuma yao wapiga lipu walinyamaza, na kimya cha watu wale kilikuwa kibaya kuliko kelele zao.

"Usafi," Chapa akasema.

Mlinzi akaandika. U, sa, fi. Mkewe alimtazama mumewe kwa muda wa kupepesa macho mara moja, akainua debe lake, akatangulia ndani.

Kuitoa vanishi ni kazi ambayo humwombei adui yako. Unamwaga thina, unafunika kwa matambara isiruke hewani, unasubiri hadi vanishi ilegee kama gundi, kisha unasugua, unafuta, unakamua, unamwaga tena. Harufu inaingia puani, inashuka kooni, inakaa kwenye meno. Walijifunga vitambaa usoni. Kufikia saa nne vidole vya Chapa vilikuwa vimepauka na kupasuka, na kichwa kinagonga. Mkewe alisugua bila kuinua uso. Aliongea maneno ya kazi tu.

"Tambara."

"Hili?"

"Kavu."

Futi alipita mara tatu. Mara ya tatu alisimama, kivuli chake juu ya mgongo wa mwanamke. "Wa usafi huyu anajituma," alimwambia Chapa. "Ukimaliza naye, nina vyoo vya vibarua vinamsubiri."

Chapa alifungua mdomo. Mkewe alisugua kwa nguvu zaidi, kwa sauti zaidi, mpaka Futi akaenda zake. Chapa akainamia brashi yake.

Saa nane sakafu ilikuwa uchi, kijivu cha zege na makovu ya rangi yaliyokataa kung'oka. Waliosha kwa sabuni, jua likasaidia kukausha. Saa tisa mkewe alipanga vikopo vyake mbele ya jiwe la kwanza. Nusu kikombe kwa ndoo ndogo, si viwili. Akaanza. Sponji kidogo, mswaki kidogo pembeni mwa ufa, tambara kupunguza. Makovu ya rangi ya zamani hakuyafunika; aliyaachia, akayazungushia kahawia nyepesi, yakawa kama doa la kuvu juu ya jiwe lililokaa karne. Chapa alimwona akifanya hivyo na akaona wivu, wivu wa kweli, kama mtu anayemwona mwingine akiongea na mwanawe lugha ambayo yeye haijui.

Kisha kidole. Mkewe alikipeleka mdomoni, akakibandika kwenye jiwe, na jiwe halikubadilika. Akalamba tena. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka kwa thina, hana hata tone la mate.

Pipa la maji ya kunywa lilikuwa kivulini, karibu na jukwaa. Mkewe aliinuka, akaliendea, na kijana mmoja wa zamu ya maji akaliwekea mkono. "Hili la mafundi, mama. Wa usafi wana bomba la nje, nyuma ya choo." Alisema kwa adabu, kama mtu anayesema sheria ya nchi.

Chapa alikwenda mwenyewe, akachota kikombe, akakileta. Alitembea navyo vyote, kikombe na macho ya watu wa jukwaani mgongoni mwake.

"Chapa!" Mdomo akapaza kutoka juu, akijua vizuri mwanamke yule ni nani. "Siku hizi unawanywesha wafagiaji? Mkeo anajua?"

Kicheko kikamwagika. Chapa aliinama, akakiweka kikombe kando ya goti la mkewe.

"Kunywa," alinong'ona.

Mkewe hakukigusa. "Maji hayo mpelekee mkeo," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mimi wa usafi."

Akaondoka kwenda bomba la nje, nyuma ya choo, akarudi na maji mdomoni, akalamba kidole, akaendelea. Alikwenda hivyo mara nyingi alasiri ile. Kila safari ilikula wakati, na wakati ulikuwa haba. Mlinzi alipogonga chuma kuwatoa watu, kona moja ya ua, mawe kama ishirini, ilikuwa haijaguswa.

Nyumbani mama yake aliwatazama wote wawili, akapakua chakula katika sahani mbili tofauti bila kuuliza.

Ijumaa waliingia alfajiri, wa kwanza. Kitabuni mlinzi aliandika kama jana bila kuuliza: zege, usafi. Mkewe alikwenda moja kwa moja kwenye kona iliyobaki. Chapa alianza na vanishi upande wa pili, kila rola ilipopita akirudi nyuma hatua moja na kusubiri jiwe ligeuke kidonda. Halikugeuka. Kahawia ilikolea ikawa kahawia ya udongo uliolimwa. Kijivu kilibaki kijivu. Wekundu wa kutu ulijitokeza mahali pachache tu, kana kwamba lango la chuma liliegemezwa pale zamani na mtu akalisahau. Chapa alitamani kusema kitu, akageuka. Mkewe alikuwa amempa mgongo.

Saa tatu na nusu ua wote ulikuwa umepata vanishi isipokuwa ile kona. Rangi yake ilikuwa imekauka juu tu, ndani mbichi bado. Ilihitaji saa mbili za jua kabla ya kufunikwa. Zilikuwapo saa mbili na nusu. Chapa alianza kupumua.

Ndipo lango likafunguliwa na gari likaingia.

"Bi Mkubwa!" Futi alikimbia akichomeka shati. "Tulikutarajia saa sita!"

"Mchana jua linanichoma," alisema bibi aliyeshuka. Alikuwa mzee, mwembamba, na fimbo, na viatu vya plastiki ambavyo mwenye jumba kama lile hakutarajiwa kuvaa. "Nionyeshe ua wangu."

Alitembea kandokando ya sakafu. Futi alimfuata nyuma, shingo imerefuka. Juu ya jukwaa miko ya lipu ilinyamaza. Bi Mkubwa alitazama mawe kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kidogo, na Chapa hakuweza kujua ni kutikisa kwa namna gani. Kisha akafika konani.

"Mbona huku kumepauka?"

Kweli kulipauka. Kando ya mawe yaliyong'aa, yale ishirini yalionekana kama uso uliopakwa majivu.

"Fundi!" Futi alishaona pa kujipatia sifa. "Hukusikia? Kumepauka! Ongeza rangi hapo, sasa hivi, mbele ya Bi Mkubwa." Aliangaza huku na huko, akaona kopo la juzi lililobaki chini ya ukuta, lile la vikombe viwili, akalichukua yeye mwenyewe na brashi yake, akamsukumia Chapa kifuani. "Paka!"

"Usiongeze," mkewe akasema kutoka chini, angali amepiga magoti.

Futi alimgeukia kama aliyeumwa na siafu. "Wewe wa usafi, nani kakuuliza? Chukua ndoo yako utoke hapa! Fundi, paka, au nikaite nyundo?"

Chapa alikuwa na kopo mkono wa kushoto, brashi wa kulia. Akipaka, kona ingependeza papo hapo. Bibi angeridhika, Futi angeridhika. Na saa sita, vanishi ikishapita, kidonda kile kingefumka tena, na nyundo ingekuja, na mihuri ndiyo kwaheri. Hilo alilijua. Lakini akikataa, angepaswa kusema kwa nini, na kusema kwa nini ilikuwa ni kusema nani. Jukwaani watu wanne waliegemea mbao, Mdomo mbele, tabasamu limeshajiandaa.

Alilitua kopo chini.

"Hapana, mkubwa," alisema. "Huyu akisema usiongeze, haiongezwi. Si wa usafi. Ndiye fundi wa rangi. Ua huu wote ni wa mkono wake. Ule wa Jumatano, ule mliouona, ndio ulikuwa wangu."

"Fundi wa rangi?" Futi akacheka peke yake. "Kitabu kinasema usafi."

Chapa alipiga magoti kando ya mkewe, akalamba kidole gumba chake mwenyewe, kilichopasuka, chenye ladha ya thina, akakibandika juu ya jiwe lililopauka. Akakiondoa. Pale kidole kilipokuwa, alama ndogo ya kahawia ya udongo ilitokea, sawasawa na kahawia ya mawe yanayong'aa kando.

"Hii hapa rangi yake, Bi Mkubwa. Iko ndani. Likipata vanishi, jiwe zima litakuwa hivi. Ukiongeza sasa, kesho utalia."

"Ee, jamani!" Mdomo akapaza kutoka juu. "Naye analamba!"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Bi Mkubwa alikuwa amempa Futi fimbo yake amshikie. Aliinama, goti moja kwa shida, akatia kidole mdomoni bila haya yoyote, akakibonyeza kwenye jiwe jingine. Akatazama alama yake ikikauka na kufifia. Akabonyeza la pili.

"Nilishona nguo za watu miaka arobaini kabla wanangu hawajanijengea jumba hili," alisema. "Kitambaa cha rangi nilikilamba kwanza dukani. Wenye maduka walinitukana wee." Akamtazama mke wa Chapa. "Kwa nini wanakuita wa usafi?"

Mkewe akamtazama mumewe, kama alivyomtazama getini.

"Fundi mwenyewe ndiye aliyeandikisha hivyo, Bi Mkubwa," Futi akawahi. "Mimi simo."

"Ni kweli," Chapa akasema. "Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Aibu."

"Ya nani?"

Chapa aliinua kidevu kuelekea jukwaani. "Ya hao."

Bibi akageuka, akawatazama wapiga lipu mmoja mmoja, bila haraka. Ghafla ukuta ulihitaji kazi nyingi sana. Miko ilikwaruza kwa bidii ambayo Futi hakuwahi kuipata hata siku ya malipo.

"Malizeni," Bi Mkubwa akasema, akipokea fimbo. "Nasubiri."

Alisubiri kweli, kwenye kiti kilicholetwa kivulini, saa mbili nzima, Futi amesimama kando yake asijue pa kuweka mikono. Saa sita kasoro robo mkewe aligusa jiwe la mwisho kwa kiganja, akatikisa kichwa kukubali. Chapa akapitisha rola. Watu wote walikuwa wakitazama, na yeye hakuweza kutazama. Alimtazama mkewe usoni. Aliona bega lake likishuka, kidogo tu, kama mtu anayetua ndoo. Ndipo akageuka kwenye mawe.

"Wape mipira yao," bibi akamwambia Futi. "Na kile kijia cha bustanini, Jumatatu. Huyu achape. Bei ya rangi nataka niisikie kwa huyu mama mwenyewe, si kwa mtu mwingine."

"Bi Mkubwa, vibarua wa kike tunawalipa..."

"Nimesema nini?"

Futi akaenda kutafuta ufunguo.

Walitoka na mihuri, Chapa minne kichwani na mabegani, mkewe mitatu. Getini mlinzi alikuwa amefungua kitabu, kalamu tayari.

"Zege, saini hapa," alisema. "Mama wa usafi, hapa."

Mkewe aliishusha mihuri yake chini, akajifuta mikono, akainamia kitabu kama anayekisoma.

"Huyu simjui," alisema.

"Nani?"

"Huyu wa usafi. Mimi sitii saini ya mtu mwingine. Nitafutie fundi wa rangi, nitie."

Mlinzi alipekua kwa macho, kwa uaminifu, mstari kwa mstari. "Fundi wa rangi hayumo, mama."

"Basi mwandike."

"Na huyu wa usafi nimpeleke wapi? Kitabu hakifutwi. Lazima tuanzie ukurasa mpya."

"Tunasubiri."

Mihuri minne ilikuwa ikimkata Chapa shingo. Jua lilikuwa la saa sita, na nyuma yao foleni ya chakula cha mchana ilishaanza kujipanga, Mdomo na wenzake wakiwemo. Angeweza kusema kwamba haina haja, kwamba waende tu, mama anasubiri nyumbani. Aliiweka sawa mizigo yake begani.

"Mwandike, mzee," alisema. "Hatuna haraka."

Mlinzi akahema. Akalamba kidole gumba, akafunua ukurasa.